"Ingia YouTube" Si Jibu

Muulize mtu yeyote leo namna ya kujifunza upigaji picha za kidijitali, na jibu litakuja kabla hujamaliza swali: "Si uingie YouTube tu?" Mhariri anakujibu hivyo, na mhadhiri, na muuza kamera wa Kariakoo, hata binamu yako ambaye kila picha yake ina kidole pembeni. Ni jibu la haraka, linamfanya anayelitoa aonekane mtu wa kisasa, na halimgharimu kitu. Ndiyo maana tunalipenda.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kwa miaka zaidi ya kumi nimefanya kazi katika vyumba vya habari ambako mwandishi anatarajiwa kurudi na habari, picha na video fupi, vyote kwa mshahara uleule. Katika chombo kimoja nilichokifanyia kazi, siku tuliyogawiwa kamera hatukupewa hata nusu saa ya mafunzo. Tuliambiwa kila kitu kipo mtandaoni. Basi nikaenda huko mtandaoni, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma, nikitazama, nikijaribu na kulinganisha. Ninachotaka kusema hapa nakisema kwa mtu aliyeitafuta elimu hiyo kwa pesa ya bando lake mwenyewe: ile kauli kwamba kila kitu kipo ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu inayokosekana ni deni letu sisi watu wa maneno. Naam, sisi tunaosoma blogu za fasihi na kubishana kuhusu riwaya.

Kwanza niwatendee haki wanaostahili haki. Vitu vizuri vipo, tena vya bure. Tovuti ya Cambridge in Colour inaeleza kwa maandishi na michoro jinsi lenzi inavyopitisha mwanga na jinsi ya kusoma histogramu, bila kukupigia kelele. Marc Levoy, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliweka mtandaoni bila malipo mihadhara yake ya upigaji picha za kidijitali aliyoitoa Google mwaka 2016, na mtu mwenye subira akiimaliza atajua ndani ya kamera kuna nini kuliko wauza kamera wengi. David Hobby, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti huko Marekani, alianzisha Strobist mwaka 2006, akafundisha dunia nzima kutumia flashi ndogo za bei nafuu mahali pa mitambo ya studio. Jumba la sanaa la MoMA la New York lina kozi ya mtandaoni inayofundisha kuitazama picha, si kuipiga tu. Na asiye na pesa ya kununua programu za kusafishia picha anaweza kupakua darktable au RawTherapee, ambazo ni za bure, na akafanya kazi ya kumshawishi mteja anayelipa.

Wala sipingi kujifundisha mwenyewe. Upigaji picha kwetu umekua hivyo. Mohamed Amin, yule ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, hakupitia chuo cha kamera. Alianza akiwa mwanafunzi, na mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini, akaanzisha Camerapix hapahapa Dar es Salaam. Kule Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na kazi ikaendelezwa na mwanawe Rohit. Elimu ilitoka kwa baba ikaenda kwa mtoto, mle mle dukani. Kwa hiyo mtu asinijie na hoja kwamba nataka kila mpiga picha awe na cheti. Ugomvi wangu uko kwingine.

Ugomvi wa kwanza ni lugha. Kila nilichokitaja hapo juu kiko kwa Kiingereza. Pale Coco Beach nilikaa na kijana mmoja anayepiga picha za watu wanaokuja kupunga upepo jioni. Alikuwa akitazama somo kwenye simu yake, sauti ameipunguza hadi mwisho. Nikamuuliza mbona hasikilizi. Akacheka. "Dada, mimi naangalia mikono yao tu. Maneno siyasikii." Anasoma mikono! Anaona Mzungu anazungusha gurudumu fulani, naye anazungusha, kisha anaangalia kilichobadilika. Nilimheshimu sana kijana yule. Lakini tusilifanye hilo kuwa hadithi ya kutia moyo. Mtu anayejifunza kwa kutazama mikono anajua gurudumu lipi lizungushwe, hajui kwa nini. Siku mwanga ukibadilika, mikono ile haimsaidii. Na kazi ya mpiga picha ni kukabiliana na mwanga uliobadilika.

Tena anakula hasara mara mbili. Saa moja ya video yenye ubora mzuri inaweza kumeza gigabaiti nzima. Somo hilohilo likiandikwa kwa maandishi na michoro miwili mitatu, linapakuliwa kwa kiasi ambacho hata bando la siku halitakihisi. Maandishi unayarudia, unayatafuta kwa neno moja, unamtumia mwenzako kwenye WhatsApp, unayasoma kwenye daladala bila spika za masikioni. Wapo vijana wetu wanaofundisha kwa Kiswahili katika video, na nawapongeza. Lakini sikiliza wanavyosema: "hapa unashusha eksposha, unapandisha ISO, unafungua apacha," na hakuna anayesimama kueleza eksposha ni mnyama gani. Si kosa lao. Hakuna aliyewaandikia kitabu cha kukiegemea.

Hapa ndipo watu wa fasihi wananiambia, "Aa, Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo." Jamani! Nenda gereji yoyote. Fundi makenika hajawahi kusubiri kikao cha kamati. Ana klachi, ana plagi, ana kabureta, ana giaboksi, ana shokapu, na injini yake ikileta shida anakwambia imenoki. Ufundi mzima wa magari umehamia kwenye Kiswahili, na wanafunzi wake wengi waliishia darasa la saba. Wapiga picha wa enzi za filamu nao walikuwa na lugha yao. Filamu ilipelekwa kusafishwa, picha iliyopigwa na mwanga kupita kiasi iliungua, na iliyokuwa nzuri ilitoka. "Picha imetoka?" lilikuwa swali kamili. Lugha ilikuwepo. Kilichokatika ni mtu wa kuiendeleza kutoka kwenye filamu hadi kwenye kadi ya kumbukumbu.

Ngoja nioneshe kwamba inawezekana, na nitafanya hivyo kwa aya mbili tu.

Mwanga unaingia kwenye kamera kama maji yanavyoingia kwenye ndoo. Tundu la lenzi ni upana wa bomba. Shata ni muda unaoacha bomba wazi. Bomba jembamba, acha muda mrefu. Bomba pana, funga haraka. Ndoo itajaa sawasawa. Tofauti ni kwamba shata ikikaa wazi kwa muda mrefu, mtoto anayekimbia atatoka kama moshi, na tundu likiwa pana sana, macho ya bibi harusi yatakuwa makali lakini ua lililo nyuma yake litayeyuka. ISO haiongezi maji hata tone. Hiyo ni kama kuongeza sauti ya redio inayoshika stesheni ya mbali. Mtangazaji atasikika, lakini na mkwaruzo nao utapanda. Ndiyo maana picha ya ukumbini usiku inatoka na chengachenga.

Halafu zile namba zinazowatesa wanafunzi wote duniani: kwa nini f/2 ni tundu kubwa na f/8 ni dogo? Walimu wa mtandaoni wanatumia dakika nyingi kuomba radhi kwa ajili ya namba hizi, wanasema ziko kinyume, wanasema zikariri tu. Mswahili hana haja ya kukariri. Zisome kama sehemu: f/2 ni nusu, f/4 ni robo, f/8 ni thumuni. Nani hajui kwamba nusu ni kubwa kuliko thumuni? Ni nusu ya nini? Ni ya urefu wa lenzi yako, ule ulioandikwa kwa milimita. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa f/2, tundu lake lina kipenyo cha milimita 25. Ikiwekwa f/4, milimita 12.5, ikiwekwa f/8, milimita 6.25. Na kwa kuwa mwanga unapita kwenye eneo la tundu zima, ukipunguza kipenyo kwa nusu, mwanga unabaki robo. Basi. Somo limekwisha, na bibi yangu aliyekuwa akipima unga kwa robo na nusu angelielewa.

Naomba uzingatie kilichotokea hapo. Kiswahili hakikutafsiri somo la Kiingereza. Kimelirahisisha, kwa sababu neno thumuni lilikuwa linasubiri kazi. Anayesema lugha yetu haiwezi aseme kwanza ni lini alijaribu.

Ugomvi wa pili ni duka. Masomo mengi ya bure mtandaoni ni duka lililovaa joho la mwalimu. Video inaanza na mwanga, inaishia na kiungo cha kununulia lenzi. "Kamera tano bora kwa anayeanza." "Usinunue kamera hii kabla hujatazama video hii." Mwenye video anapata kamisheni ukibofya, kwa hiyo haina faida kwake ukiridhika na kamera uliyonayo. Matokeo yake tumezalisha kizazi cha vijana wanaoweza kukutajia kila modeli ya Sony na Canon pamoja na bei zake, lakini ukiwauliza mwanga wa dirishani unaangukaje usoni saa nne asubuhi, kimya. Wanaweka akiba miaka miwili kununua bodi mpya, wakati simu waliyo nayo mfukoni ingetosha kuwafundisha nusu ya kazi hii. Kamera ya simu nayo ina mwanga, fremu, na wakati wa kubonyeza. Hayo ndiyo magumu. Mengine ni vyuma.

Na duka likifungwa, maktaba inaondoka nalo. DPReview ilikuwa moja ya hazina kubwa za maarifa ya kamera za kidijitali tangu 1998. Amazon waliinunua mwaka 2007. Machi 2023 wakatangaza kwamba inafungwa, na watu duniani kote wakaanza kuhangaika kuhifadhi kurasa zake kabla hazijazimwa. Iliokolewa miezi michache baadaye kwa kuuzwa kwa kampuni nyingine. Ilikuwa bahati, na bahati siyo mpango wa elimu. Tunapomwambia kijana "kila kitu kipo mtandaoni", tunamwelekeza kwenye rafu ya mtu mwingine, na yule mtu anaweza kuibomoa rafu hiyo asubuhi yoyote akiona hesabu hazimlipi.

Ugomvi wa tatu ndio mkubwa zaidi, na ndio unaoniudhi kuliko yote. Masomo haya yanafundisha jua la watu wengine na ngozi ya watu wengine, halafu yanajiita ya dunia nzima.

Tuanze na jua. Kila mwalimu atakwambia upige picha katika "saa ya dhahabu", ile jioni jua likiwa chini na mwanga umelainika. Kweli ni mwanga mzuri. Lakini saa hiyo ni ya nani? Jua likiwa nyuzi sita juu ya upeo, London mwezi Juni litachukua kama dakika 50 kuzama, kwa sababu linateremka kwa mshazari. Dar es Salaam linadondoka karibu wima, kwa dakika 25 hivi. Dhahabu yetu ni nusu ya yao. Mpiga picha wa harusi aliyepanga ratiba yake kwa somo la London atakuta bado anapanga wapambe na jua limeshazama. Hakuna aliyemwambia.

Au chukua kanuni ya kale ya wachoraji na wapiga picha wa Ulaya: kaa kwenye dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko jua haliingii moja kwa moja na mwanga ni mtulivu siku nzima. Kwao ni sahihi, maana jua la mchana linapita kusini mwao. Kwetu Dar, kuanzia mapema Machi hadi karibu katikati ya Oktoba, jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini. Kijana akilifuata somo hilo neno kwa neno, atamkalisha mteja wake palepale jua linapopiga. Somo si bovu, ila limeandikwa na mtu aliyesimama mahali pengine, na hakuna aliyelihamisha.

Sasa ngozi. Kipima mwanga cha kamera hakioni bibi harusi wala shekhe. Kimetengenezwa kikidhani kwamba kila kilicho mbele yake, ukikichanganya, kitakuwa kijivu cha wastani. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kipima kinaona weupe mwingi, kinapunguza mwanga, uso unazama gizani. Sogea karibu uso ujaze fremu, kipima kinaona weusi mwingi, kinaongeza mwanga, na ngozi nzuri ya kung'aa inageuka kuwa ya majivu. Kiswahili kina maji ya kunde, kina mweusi tii, na kila mama wa mtaani anajua tofauti zake. Kipima hakijui hata moja. Mpiga picha ndiye anayepaswa kukiambia: kwenye ukuta mweupe, ongeza, uso mweusi ukijaza fremu, punguza.

Lakini hapo napo mwalimu wa mtandaoni anakupotosha kwa nia njema. Atakwambia uupime mwanga wa uso, kisha uongeze hatua moja. Kanuni hiyo ina historia. Inatokana na mfumo wa kanda ambao Ansel Adams na Fred Archer waliutunga Marekani karibu mwaka 1940, na katika mfumo huo ngozi ya kawaida ni ya Mzungu, iliyokaa hatua moja juu ya kijivu cha kati. Ngozi ya wengi wetu inakaa kwenye kijivu hicho au chini yake. Ukiongeza hatua moja bila kufikiri, unamchubua mtu kwa kamera, bila mkorogo.

Wala haikuwa kanuni ya walimu tu. Viwandani nako, kwa miongo kadhaa, maabara za picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Waliiita kadi ya Shirley. Rangi za Shirley zikitoka vizuri, mashine iko sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Canada ameandika historia hii, na sehemu inayouma zaidi ni hii: shinikizo lililoisukuma Kodak kuboresha filamu ili ishike vizuri rangi za giza lilitoka pia kwa watengeneza samani za mbao na watengeneza chokoleti, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Meza na chokoleti zilisikilizwa upesi kuliko watu. Mwaka 2021 Google walitoa simu yao ya Pixel 6 wakijivunia kwamba kamera yake imefundishwa kuona ngozi nyeusi kwa haki. Ni jambo jema. Lakini hebu jiulize, hadi mwaka 2021 hizo nyingine zilikuwa zinaona nini?

Mwandishi Teju Cole aliligusa jambo hili katika makala yake ya mwaka 2015 kuhusu picha za watu weusi, na wasomaji wengi wa blogu hii wamemsoma. Wamemsoma, wakamsifu, wakashea. Nani ameandika ya kwetu? Nani ameandika kwa Kiswahili kuhusu picha za studio za Lamu, za Unguja, za Mombasa kule kivukoni Likoni ambako wapiga picha waliwapigia wateja mbele ya mandhari ya kuchora? Profesa wa Kijerumani, Heike Behrend, ameandika kitabu kizima kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Mzee aliyepigwa picha ile pale Likoni hawezi kukisoma.

Najua pingamizi linalokuja. "Picha ni jicho, si maneno. Mwache kijana apige." Hiyo ni kauli ya watu wenye maneno tayari, wanaotaka kumshawishi asiye nayo kwamba hayahitaji. Jicho hufunzwa kwa maneno. Uhakiki wa ushairi ulitufundisha kusikia vina na mizani tuliyokuwa tukivipita tu. Picha nayo inataka uhakiki, na uhakiki huo kwa Kiswahili ungetupa mambo ambayo wengine hawana. Chukua neno moja tu, piga. Susan Sontag, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu upigaji picha, aliifananisha kamera na bunduki, na Kiingereza kilimsaidia, maana neno lao la kupiga picha ndilo la kufyatua risasi. Nadharia nyingi zimejengwa juu ya msingi huo. Lakini sisi tunapiga picha kama tunavyopiga hodi, tunavyopiga pasi, tunavyopiga soga. Piga yetu mara nyingi ni kufanya jambo na kitu mkononi, au na mtu mbele yako. Mtu aliyelelewa na kitenzi hiki anaweza kufika na nadharia nyingine kabisa, inayoanza na kubisha mlangoni na kungoja kukaribishwa. Sijaisoma mahali popote. Ingefaa mmoja wenu aiandike.

Pingamizi la pili ni la watu makini zaidi: "Kiingereza ndicho lugha ya teknolojia, wajifunze Kiingereza." Wajifunze, nani amekataa? Ila usimwambie mtu mwenye njaa kwamba kwanza asomee kilimo. Yule kijana wa Coco Beach ana wateja leo jioni. Akishaelewa tundu na shata kwa lugha anayoota nayo, atakifuata hata Kiingereza cha Levoy, kwa kuwa atakuwa anajua kinachozungumzwa. Elimu ya lugha ya kwanza ndiyo inayofungua mlango wa ile ya pili.

Nani anadaiwa, basi? Nitaje kwa mpangilio. Vyombo vya habari vinavyogawa kamera na kutegemea YouTube imalizie kazi vinadaiwa mafunzo. BAKITA na idara za Kiswahili za vyuo vikuu zinadaiwa orodha ya istilahi inayoanzia kwa mafundi wenyewe, kwenye studio za paspoti saizi na kwa wapiga picha wa kumbi za harusi, kabla ya kwenda kwenye kamusi. Wapiga picha wetu wakubwa, wale wenye majina, wanadaiwa maandishi: angalau waeleze kwa Kiswahili picha moja waliyoipiga, walisimama wapi, mwanga ulitoka upande gani, walikataa nini.

Na sisi wa fasihi tunadaiwa kuliko wote, maana kuandika ndiyo kazi yetu, na tumeidharau picha kama mapambo ya ukurasa. Angalia mabango ya makongamano yetu. Angalia majalada ya vitabu. Picha ileile ya Shaaban Robert naikuta kila mwaka, imekatwa, imetiwa rangi, imebandikwa, na katika zote nilizoziona sijakuta jina la aliyeipiga. Tunalia wizi wa mashairi mtandaoni, halafu makala ya malalamiko hayo tunaipamba kwa picha tuliyoichota kusikojulikana. Hatuwezi kuwafundisha vijana kwamba picha ni kazi ya akili huku sisi wenyewe tunaichukulia kama mawe ya barabarani, ya yeyote anayeinama.

Pa kuanzia si mbali. Makala za Wikipedia zina leseni inayoruhusu kutafsiri na kurekebisha, kwa hiyo anayetaka kuandika kuhusu lenzi, shata au kipima mwanga katika Wikipedia ya Kiswahili haombi ruhusa kwa mtu. Asitafsiri neno kwa neno. Aandike na jua letu, aseme dirisha la kaskazini kwetu lina nini mwezi Julai. Blogu za fasihi, hii ikiwemo, zifungue safu ya uhakiki wa picha kama zilivyo na safu ya uhakiki wa vitabu, na zidai jina la mpiga picha kama zinavyodai jina la mtunzi. Anayefundisha kwa video aweke chini yake maandishi ya somo, ili asiye na bando la kutazama aweze kusoma.

Kwako msomaji uliyefika hapa, nina ombi dogo. Chukua picha moja iliyopo nyumbani kwenu, ya babu, ya harusi ya shangazi, ya shule. Iandikie maneno 600 kwa Kiswahili. Nani aliipiga, kama anajulikana. Mwanga unatoka wapi. Nyuso zinaonekana au zimezama, na kwa nini. Kisha itume kwa mhariri wa blogu hii. Mimi nimeshatuma ya kwangu, inahusu picha ya mama mbele ya ukuta wa chokaa mwaka 1988, uso wake umezama kizani kwa sababu kipima mwanga kiliuamini ukuta.

Na mtu mwingine akikuuliza atajifunzia wapi kupiga picha, usimwambie aingie YouTube halafu ugeuke uondoke. Mpe jina la somo. Mpe neno la Kiswahili la kuanzia. Kama neno hilo halipo, kaa naye mlitafute.